Rasimu ina uhai, picha ya mwisho inakufa: wachoraji wa vitabu vya watoto mnafanyaje?

mstari_mchovu

Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada wa mnaochora vitabu vya watoto, iwe kwa mkono au kwa tableti. Nina kitabu cha picha cha kurasa 32, rasimu zote za penseli zimeshapita kwa mhariri na kazipenda, sasa ndo nimeingia kwenye picha zenyewe za rangi na kila nikimaliza moja naona imekufa. Siyo kwamba imekosewa, vipimo viko sawa, rangi hazijachafuka, ila ukiiweka pembeni ya rasimu yake mtu yeyote atachagua rasimu.

Mfano kuna sehemu mtoto anaruka dimbwi la maji. Kwenye rasimu mguu wa nyuma una mistari mitatu minne inapishana pale gotini na unaona kabisa yuko hewani na anaogopa kidogo. Kwenye picha ya mwisho goti lina mstari mmoja msafi na mtoto kaganda tu hewani, haendi wala harudi.

Ninavyofanya: rasimu nachora ndogo daftarini, naiskani, naikuza, naiprinti, naiweka kwenye meza ya taa (ile ya kioo yenye taa chini yake), napitisha mistari kwenye karatasi ya rangi za maji kwa penseli ngumu, afu wino, afu rangi. Sasa uhai unapotelea wapi hapo? Au ndo kawaida nizoee tu?

brashi_mvivu

Usizoee mkuu. Unapotelea kwenye hiyo penseli ngumu.

Angalia, ulipokuwa unachora rasimu akili yako ilikuwa kwenye dimbwi, unamfikiria mtoto, mkono unafuata. Ulipofika kwenye meza ya taa akili ikahamia kwenye mstari, unahangaika usitoke nje ya mstari, na mkono ukienda taratibu mstari unakuwa mnene ule ule mwanzo mpaka mwisho. Afu ukaja kuupitia tena kwa wino, kwa hiyo wino ni nakala ya nakala. Ile mistari mitatu ya gotini ilikuwa inafanya kazi, jicho la msomaji ndo linachagua goti liko wapi na pale pale kwenye kuchagua ndo anaona mwendo. Wewe ukamchagulia.

Meza ya taa yenyewe haina kosa. Quentin Blake, yule mchoraji Mwingereza wa vitabu vya watoto, anaitumia miaka na miaka, rasimu inakaa chini na karatasi ya rangi za maji juu, ila yeye anapenda asiione rasimu vizuri sana, maana hataki kuifuatisha, anataka achore upya kabisa huku akijua kila kitu kinakaa wapi. Jaribu hivyo, ruka penseli ngumu, nenda na wino moja kwa moja, taa ipunguze. Na anza na sehemu ngumu kuliko zote, mara nyingi ni uso au mkono, ikiharibika unatupa karatasi mapema kabla hujamaliza majani yote ya mti wa nyuma afu ndo ugundue macho yamekaa vibaya.

Na wino uwe ule usioyeyuka na maji, nadhani hilo unalijua.

mstari_mchovu

Kuruka penseli kabisa?? Aisee mkuu karatasi zenyewe nene hizi, nikiharibu roho inauma

brashi_mvivu

Ndo maana unachora kwa woga haha. Chora kwanza kwenye karatasi ya kawaida ya kuprintia, rudia goti mpaka mkono ulizoee, afu ndo uweke ile nzuri. Karatasi ya gramu 300 (uzito wake kwa mita moja ya mraba) taa inapita bila shida, zile za gramu 600 na kitu ndo giza tupu, hizo inabidi upake penseli laini nyuma ya rasimu na kuikandamiza, na hapo utarudi kule kule kwenye kufuatisha mistari. Kwa kazi ya wino baki na 300, laini, isiyo na chembechembe nyingi, hata skana inaipenda zaidi maana zile zenye mabonde skana inakuletea vivuli vya karatasi kwenye anga yote.

leya_kumi

Mi napingana kidogo na aliyetangulia, heshima kwako lakini. Kama rasimu ina uhai kwa nini uichore tena? Itumie yenyewe!

Mi rasimu yangu ndo mstari wa mwisho. Naichora kwa penseli laini kwenye karatasi safi, naiskani, naiweka leya (tabaka) ya juu kabisa kwenye programu ya kuchorea, kwa maltiplai, ile namna ya kuchanganya leya, ili weupe wote upotee ibaki penseli peke yake, afu rangi zote naziweka kwenye leya za chini. Mistari mitatu ya gotini inabaki kama ilivyo. Ukitaka penseli isiwe nyeusi sana unaigeuza rangi iwe kahawia au bluu nzito na picha nzima inalainika, kwa vitabu vya wadogo kabisa inapendeza mno.

Cha kuangalia ni ukubwa. Kama mchoro wako ni wa sentimita 15 na kitabuni unatakiwa uwe 30, skani kwa dpi (nukta kwa inchi) 600 na ukiukuza mara mbili unabaki na 300, ambayo ndo wachapaji wengi wanaitaka. Ukiskani kwa 300 afu ukakuza, penseli inakuwa ukungu na hakuna programu itakayokurudishia. Na mistari ya kutafutia, zile duara za kichwa na msalaba wa uso, ichore kwa penseli ya bluu iliyofifia, kompyuta inaitoa kirahisi bila kugusa ile nyeusi.

brashi_mvivu

Sawa ila anapaka rangi za maji kwa mkono huyu, umemhamisha nyumba nzima

leya_kumi

Aprinti basi hiyo penseli kwenye karatasi ya rangi za maji, kama printa yake inatumia wino usioyeyuka. Watu wanafanya sana tu. Ajaribu kipande kwanza, apitishe brashi yenye maji, kisipotoa rangi anaendelea

mpanga_kurasa

Nimesoma wote na naona mnabishana kuhusu mstari, lakini mimi kazi yangu ni kupanga kurasa, picha za wachoraji zinapita mezani kwangu kabla ya kwenda kuchapwa, na nikiona picha imekaza hivyo mara nyingi ukiuliza unakuta mchoraji aliingia kwenye picha ya mwisho bado ana maswali. Mwanga unatoka wapi, koti rangi gani, nyuma kuna nini. Rasimu ilimruhusu akwepe, sasa rangi haimruhusu, kwa hiyo anaamua huku anapaka na mkono unaogopa. Mkono ukiwa hauna cha kuamua ndo unacheza.

Kwa hiyo dada/kaka (sijui) kati ya rasimu na picha ya mwisho weka hatua moja ambayo sijaiona kwenye maelezo yako. Chukua kila kurasa mbili zinazotazamana, zichore ndogo kabisa, upana wa kidole kimoja na nusu hivi, bila mstari wowote, madoa matupu ya kijivu aina tatu, cheupe, cha kati, cheusi. Mtoto wako anayeruka asome ndani ya sekunde moja. Kama yeye na dimbwi na ukuta wa nyuma vyote ni kijivu cha kati basi hata ungechora goti lenye mistari mia hakuna atakayeliona. Afu vidogo hivyo hivyo virudie kwa rangi, vyote kwenye karatasi moja, ili uone kitabu kizima kinavyotembea, wapi kinapoa wapi kinawaka. Ile karatasi ndo mkataba wako na wewe mwenyewe.

Na wakati huo huo maliza mambo ya kitabu ambayo yakikukuta mwishoni yanaua kabisa. Mshono wa katikati: usiweke uso wala mkono unaoshika kitu pale, kitabu kikishonwa pua inamezwa. Picha inayofika ukingoni iongeze milimita 3 nje ya mstari wa kukatia kila upande, tena iongeze kwa kuchora kweli, siyo kuja kuivuta kwenye kompyuta baadaye. Sehemu ya maneno iache tulivu tangu kwenye rasimu, na nasema tulivu siyo tupu, anga au ukuta au nyasi zisizo na fujo, maana mwandishi akiongeza sentensi moja (huwa wanaongeza) mimi nitaenda kuyaweka juu ya kichwa cha mtoto wako sina pa kwenda. Na usiandike maneno ndani ya picha, hata kibao cha duka. Kitabu kikiuzwa kwa lugha nyingine kiwanda kinabadilisha bamba la wino mweusi tu lenye maandishi, picha zinabaki zile zile. Ukishapaka neno kwa rangi ndani ya picha umewafungia.

Rangi za kwenye skrini pia usiziamini, bluu kali na kijani cha kumeremeta na chungwa vikifika kwenye wino wa kuchapia vinapoa. Aliye kwenye tableti aombe profaili ya rangi ya mchapaji, yaani faili linaloonyesha rangi zitakavyotoka zikichapwa, mwanzoni kabisa.

mstari_mchovu

Dah. Mpanga_kurasa umenipiga pale pale, ni dada. Ukuta wa nyuma kweli nilikuwa naamua huku napaka. Nimepiga picha kwa simu nikaigeuza nyeusi na nyeupe, mtoto hayupo! Kapotea kwenye ukuta kabisa, ni kijivu kimoja.

Swali lingine basi kabla sijawachosha. Mhariri kapitisha rasimu, je nikibadilisha kitu kwenye picha ya mwisho ni kosa? Na kingine sura ya mtoto inabadilika, ukurasa wa 6 ana miaka minne ukurasa wa 20 ana miaka tisa.

mpanga_kurasa

Dada, kilichopitishwa ni nani yuko wapi anafanya nini na maneno yanakaa wapi. Hapo usiguse bila kuuliza. Mkunjo wa nguo, idadi ya mawe, goti limeinuka kidogo zaidi, hakuna atakayekuuliza. Ukitaka kumhamisha mtoto kutoka kulia kwenda kushoto tuma rasimu mpya kwanza, siyo picha iliyokwisha kupakwa rangi, maana mhariri akikataa rasimu hujapoteza kitu.

brashi_mvivu

Sura kubadilika ni kichwa na mwili hapo, siyo sura. Mtoto mdogo kichwa ni kikubwa, mwili mzima unaingia kama vichwa vinne hivi, akikua vinaongezeka vinakuwa vitano, sita. Pima wa ukurasa wa 20 utakuta umemrefusha miguu. Na macho, kwa mtoto mdogo yanakaa chini ya nusu ya kichwa, ukiyapandisha kidogo tu umemkuza. Chora karatasi moja ya mhusika, amesimama, amekaa, anakimbia, kwa nyuma, analia, na vichwa vyake umevipanga pembeni kama rula, ibandike ukutani mbele yako.

Afu usipake kwa kufuata namba za kurasa. Kila mtu anaanza ukurasa wa kwanza na mkono bado baridi, na huo ndo ukurasa ambao mnunuzi anaufungua dukani. Anza katikati ya kitabu, ukurasa wa 12 au 14, mkono ukishachemka ndo urudi wa mwanzo, na wa mwisho usiuache uje kuufanya umechoka.

leya_kumi

Nakazia hapo. Na koti la mtoto kama unachanganya rangi mwenyewe, changanya nyingi mara moja uweke kwenye kichupa chenye kifuniko, pembeni weka tone kwenye kipande cha karatasi ile ile ukiache kikauke. Rangi za maji zikikauka zinafifia, ukilinganisha mbichi na kavu utajikuta una makoti mawili.

mstari_mchovu

Asanteni sana wakuu. Nishachana lile la dimbwi, naanza na vidogo vya kijivu usiku huu, ukuta nafikiri nitaufanya mweupe kabisa nione. Nikipata goti nitaleta picha mnikosoe

brashi_mvivu

Leta na ile rasimu ya penseli pia, tuziweke pamoja