Tupeane uzoefu: sentaloki (ule mfumo wa kufunga milango yote ya gari kwa pamoja) ikifa, mafundi wanakupiga bei gani?

Mzee wa Goba: Wakuu, habari za jioni. IST yangu mlango wa dereva umegoma kufunga kwa rimoti. Mitatu mingine inaitikia vizuri, huu unatoa mlio tu, ziii, na haufungi. Fundi wa kwanza kasema laki na themanini, kitasa kizima kibadilishwe. Wa pili, gereji ya jirani tu, kasema elfu thelathini bila hata kuugusa mlango. Mliopitia hili mlitoa ngapi?

Chuma Mtumba: Elfu 45, pale Gerezani, Dar. Kitasa cha mtumba cha Vitz na ufundi humo humo. Mpaka leo kinadunda.

Kamau wa Fielder: Huku Nairobi niliitishwa 4,500 za Kenya, Kirinyaga Road, mlango mmoja. Tukavutana, nikaacha 3,000. Ukionekana umevaa tai, bei inapanda.

Spana Kumi: Ukisikia ziii ujue umeme unafika, kilichochoka ni mota au gia zake. Mle ndani kuna mota ndogo na gia za plastiki. Umeme ukipita huku inafunga, ukigeuzwa inafungua. Wa dereva mara nyingi ndio unatangulia kufa maana ndio unaofunguliwa kila safari. Toyota nyingi mota yenyewe ni FC-280, inabadilishwa peke yake na kitasa kinabaki. Elfu 25 na kazi juu. Mafundi hawaipendi kwa sababu ganda limegandishwa, kulifungua bila kulipasua kunataka subira. Milango yote ingekuwa kimya ningekwambia anza na fyuzi; huu peke yake ungekuwa kimya, vua ule mpira kati ya mlango na nguzo. Nyaya hukatikia humo kwa kukunjwa kunjwa.

Chuma Mtumba: Mota unaitoa wapi, kwenye midoli?

Spana Kumi: Kwenye vitasa vibovu unavyouziwa wewe elfu 45.

Dada wa Ukonga: 😂😂

Mama Wawili: Mnabishana elfu ishirini, mimi acheni niseme yangu. Tulikuwa na Noah, sentaloki ya asili ilikufa, baba watoto akafunga ile seti ya kichina ya milango minne. Ikawa na tabia: ukibamiza mlango kwa nguvu, yote inajifunga. Fundi akatuambia huo ndio usalama wenyewe! Siku hiyo saa saba mchana, Mbezi, nimezima gari, nimeacha ufunguo kwenye swichi redio iimbe, mdogo kalala kwenye kiti chake. Nimeshuka kupakia mtungi wa gesi nyuma. Nimebamiza buti. Tak. Milango yote.

Mwanzoni nilicheka. Kisha akaamka. Jua la Dar mnalijua, vioo vyote juu, mtoto analia jasho linamtiririka, mara naona kilio kinapungua. Hapo ndipo niliposhika kichwa. Watu wamejaa, bodaboda anachokonoa na waya, mwingine anasema tumsubiri fundi yuko njiani. Mama ntilie wa ng'ambo hakuuliza mtu, alikuja na mchi wa kinu. Kapiga kioo katikati, mchi ukadunda. Utingo mmoja akapaza sauti, piga pembeni, kwenye kona! Kikamwagika chote. Nikampigia baba yake huku nalia, swali lake la kwanza: "Mmevunja kile kidogo? Si ndicho ghali!"

Bwana Taratibu: Mtoto anaachwaje ndani ya gari lililozimwa?

Mama Wawili: Nilikuwa nyuma ya gari hilo hilo, kaka. Soma kwanza.

Dada wa Ukonga: Achana naye dada, huyo hajawahi kwenda sokoni na mtoto. Pole sana.

Kijana wa Mjini: Siku nyingine chomoeni kichwa cha siti, vile vyuma vyake vinavunja kioo.

Spana Kumi: Kichwa cha siti kiko ndani na mtoto, mkuu.

Msafiri wa Moro: Seti ya kichina haina ubaya, mwenye ubaya ni aliyeifunga. Yangu inadunda tu.

Chuma Mtumba: Ng'oeni zote, fungeni kwa mkono. Babu zetu walifika.

Dada wa Ukonga: Fundi akivua ubao wa mlango, simamia. Ile nailoni ya ndani akiichana bila kuirudisha, maji ya mvua yanaingia ndani ya gari na kapeti linanuka. Na vibanio hakikisha vyote vinarudi, wengine wanavivunja halafu mlango unapiga kelele barabarani.

Mzee wa Goba: Mrejesho. Nimelipa 25,000. Mota ya mlango wa nyuma kushoto imehamia kwa dereva, inafunga safi.

Chuma Mtumba: Kwa hiyo umelipa hela kuhamisha ugonjwa.

Spana Kumi: Wa nyuma nani anaufungua?

Mama Wawili: Watoto.

Msafiri wa Moro: Jamani na Passo inayopiga honi yenyewe usiku ukiifunga kwa rimoti, nianzishe uzi wake au tumalizane hapa hapa?