Naomba ushauri: wilaya moja vifo 12 kwa kila watu 1,000, nyingine 7. Niandikeje?

Mwanzisha uzi: Wakuu, salaam. Naandaa ripoti ya wilaya mbili, A na B. Kwa mwaka, A ina vifo 12 kwa kila watu 1,000, B ina 7. Je, ni sahihi kuandika kwamba huduma za afya za A ni duni zaidi?

Mtakwimu: Usiandike hivyo, mkuu. Hicho ni kiwango ghafi: vifo vya mwaka gawanya kwa idadi ya watu ya katikati ya mwaka, zidisha kwa 1,000. Hakitofautishi kijana na mzee. Fanya hesabu hii: tuseme kote kuwili walio chini ya miaka 60 wanakufa 4 kwa 1,000, na wa 60 na zaidi wanakufa 44. A ikiwa na wazee asilimia 20, unapata 3.2 + 8.8 = 12. B ikiwa na asilimia 7.5, unapata 3.7 + 3.3 = 7. Hatari ya kufa ni ileile katika kila umri! Ndiyo maana Japani, ambako watu huishi miaka mingi sana, kiwango ghafi chake kinazidi cha nchi nyingi zilizojaa vijana.

Dawa yake: tafuta kiwango cha vifo cha kila kundi la umri la miaka mitano mitano, kizidishe kwa watu wa kundi hilo katika idadi moja ya pamoja (jumla ya A na B inatosha), jumlisha, kisha gawanya kwa jumla ya watu hao. Rudia kwa wilaya ya pili, ndipo ulinganishe.

Karani wa Sensa: Kabla ya hapo, hakikisha vifo vimehesabiwa kwa makazi ya marehemu. A ikiwa na hospitali ya rufaa na vifo vikaandikwa mahali vilipotokea, inabebeshwa vifo vya majirani, na hapo hesabu yoyote nzuri itaharibika. Angalia pia umri: wengi hukadiria na kutaja miaka inayoishia na 0 au 5.

Mwanzisha uzi: Ahsanteni. Na kama vifo sina kwa umri, nina jumla tu?

Mtakwimu: Chukua viwango vya taifa vya kila umri, zidisha kwa watu wa wilaya, upate vifo vinavyotarajiwa. Gawanya vifo halisi kwa hivyo vinavyotarajiwa, kisha zidisha kwa 100. Ikizidi 100, vifo vimepita matarajio. Ila kila wilaya ipime dhidi ya taifa. A na B zisishindanishwe kwa namba hizo. Na vifo vikiwa 20 tu, unganisha miaka mitatu, maana kwa bahati pekee 20 huweza kuwa 12 au 30.