Ushauri: hadithi imenitisha mpaka nashindwa kuipa maksi

Msoma Usiku: Wakuu habari zenu, naombeni ushauri hasa nyie mliowahi kusoma hadithi za mashindano. Nimejitolea kuwa msomaji wa awali, tumegawana hadithi fupi za sayansi ya kubuni, fantasia na za kutisha, mimi zimeniangukia 46, zote chini ya maneno 7,500, kila moja naipa maksi mpaka kumi na kuandika sababu mistari mitatu minne hivi. 45 nimemaliza. Imebaki namba 31, ya kutisha, nimeisoma mara tano na kila nikimaliza siwezi hata kuzima taa. Swali langu, hadithi ikikutisha kwelikweli ndo nzuri tayari? Au mtu anaweza kutishika na kitu kibovu? Mwisho ni keshokutwa.

Kalamu Butu: Mkuu kutishika peke yake si kipimo. Mlango ukijibamiza ghafla utaruka, na mlango haujatunga kitu. Angalia woga umetokea wapi, kwenye hadithi nzuri unakuwa umeshamzoea mhusika kwanza ndo unaanza kuogopa kwa ajili yake. Sayansi ya kubuni mi huwa naangalia kile kilichobadilika kwenye dunia ya humo kimemgharimu nini mtu, ukitoa roboti ukaweka punda na hadithi ikabaki ileile basi roboti ilikuwa pambo tu. Fantasia naangalia kama uchawi una mipaka, maana ule unaojitokeza ukurasa wa mwisho kutatua kila kitu natoa tatu na nalala vizuri.

Mama Wawili: Mimi niliwahi kusoma hadithi kama 200 ndani ya wiki tatu, nilipokuja kuangalia daftari langu nikakuta za asubuhi nyingi zimepata saba na za usiku nyingi nne. Hadithi hazikuwa na kosa, mimi ndo nilikuwa nimechoka. Ikabidi nizirudie za usiku zote, na zikapanda nyingi tu. Tangu hapo nasoma tano napumzika, na ile inayonisumbua naisoma kwa sauti maana sikio linagundua sentensi ya uongo mapema kuliko jicho.

Mzee wa Hoja: Vijana wa leo mnataka kila kitu kiishe kwa raha. Mwandishi Daniel Keyes alipopeleka hadithi yake Flowers for Algernon mhariri mmoja alimtaka abadilishe mwisho uwe wa furaha, akakataa, akaipeleka jarida lingine ikatoka 1959, mwaka uliofuata ikabeba Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za sayansi ya kubuni na fantasia. Mhariri alikuwa mtu mzoefu na bado alikosea. Mwisho wa kuhuzunisha si kasoro.

Msoma Usiku: Asante mzee wangu, ila mwisho wake sina shida nao kabisa.

Kalamu Butu: Mleta mada kuna kitu unakizunguka. Arobaini na tano umesoma ukatoa maksi ukasonga mbele, hii moja mara tano. Ina nini humo ndani?

Msoma Usiku: Haya. Ni watoto wawili, kaka na dada, mama yao anaumwa chumba cha pili, usiku wanapokezana kuhesabu pumzi zake kupitia ukutani, ukifika mia unamgusa mwenzio bega anaendelea yeye. Hiyo hesabu ni yetu. Mimi na dada yangu ndo tulikuwa tunafanya hivyo na hatukuwahi kumwambia mtu. Hadithi zinakuja bila majina lakini hii sihitaji jina. Hatujaongea miaka sita.

Chipukizi: Duh. Mwili umenisisimka.

Mama Wawili: Pole sana kaka yangu. Basi jitoe, waandikie waratibu kwamba namba 31 unamjua mwandishi wampe msomaji mwingine. Majina yanafichwa kwa sababu hiyohiyo.

Msoma Usiku: Niliposema imebaki sikusema yote. Maksi nilishatuma juzi, niliipa nne, naweza kuibadilisha mpaka keshokutwa. Msinielewe vibaya, nilitaka kutenda haki, ningempa nyingi ningekuwa nambeba ndugu yangu. Na makosa yapo, katikati inajirudia, halafu kuna aya nzima ya kioo ambayo haina kazi yoyote.

Kalamu Butu: Angeiandika mtu usiyemjua ungeipa ngapi?

Msoma Usiku: Tisa.

Kalamu Butu: Sasa hapo haki iko wapi ndugu yangu. Umemkata maksi tano ili wewe uonekane msafi, na yeye hajui hata kama uko kwenye jopo.

Sijasadiki: Hii chai. Miaka sita kimya, halafu kati ya wasomaji wote hadithi ianguke mezani kwako? Mleta mada ana kisa chake anakipima kwetu kama kina ladha, au hata mashine ya akili mnemba ndo imemtungia. Mmesahau Februari 2023 jarida la Clarkesworld, la hadithi za sayansi ya kubuni, lilisimamisha kupokea hadithi kwa muda kwa sababu zilizotungwa na mashine zilifurika?

Mzee wa Hoja: Hata mimi nilianza kunusa. Ila kama katunga, siri kaichelewesha vizuri, kasubiri mpaka abanwe. Nampa saba.

Chipukizi: Mi sita. Dada hana sauti humu, tunamsikia kaka tu.

Mama Wawili: Jamani mtu ana maumivu mnaanza kumgawia maksi? Mimi namwamini. Mtu anayetunga angejipamba, huyu kila akija anajiharibia.

Msoma Usiku: Sijatunga. Ushahidi sina, hadithi ya mtu haijachapishwa siwezi kuibandika hapa. Chipukizi umenigusa kuliko wote. Kwenye hadithi yule kaka anasinzia kwenye zamu yake. Ndivyo ilivyokuwa, nilikuwa na miaka kumi na moja. Dada hakulisema mpaka miaka sita iliyopita tulipogombana, akanitamkia, nikatoka na sikurudi. Jana mngeniambia ile nne ilitokea huko ningebisha mpaka asubuhi. Leo sibishi. Nimewaandikia waratibu sasa hivi wafute maksi yangu na wampe mtu mwingine, nimesema tu namjua mwandishi.

Kalamu Butu: Hapo sawa. Na ile aya ya kioo kairudie taratibu, si kwa ajili ya maksi.

Msoma Usiku: Nimeirudia. Mama alikuwa nacho kioo kitandani, dada alikuwa anamwekea puani asubuhi. Mimi sikuwahi kujua.

Mama Wawili: Dada utampigia?

Msoma Usiku: Kanuni hazituruhusu kuwasiliana na mwandishi mpaka matokeo yatoke.

Mama Wawili: Kuhusu hadithi, ndiyo. Kumjulia hali dada yako nani kakukataza?

Sijasadiki: Haya, tufanye nimeamini. Hiyo hadithi inaishaje, kaka anaamka?

Msoma Usiku: Anaamka. Anaendelea kuhesabu palepale alipoishia, sabini na tatu, sabini na nne, na kule ukutani pumzi zinaitika. Dada anajua chumbani hakuna mtu tena. Anakaa pembeni yake, na alipofika mia akamgusa bega akaendelea yeye.