Ripoti za baiopsi ya ini zinarudi "sampuli haitoshi", shida ni sindano au mkono?

mtoboaji: Wakuu habari za majukumu. Kwetu tunafanya baiopsi ya ini (kutoa kipande kidogo cha ini kwa sindano) kwa ultrasaundi, bunduki (sindano ya kufyatua) ya geji 18, geji ni kipimo cha unene wa sindano, na siku hizi ripoti zinarudi zimeandikwa sampuli haitoshi kupima hatua ya makovu. Mi naona kipande kimetoka kizuri tu, sentimita 1 hivi, sasa patholojia (wanaosoma tishu kwa hadubini) wanataka nini? Kumrudia mgonjwa sitaki, mambo ya kuvuja damu tunayajua. Nyie mnapata urefu gani na mnafyatua mara ngapi?

hadubini_tu: Mi niko upande wa kusoma slaidi. Mkuu sentimita 1 kwa makovu ni ndogo mno. Tunachohesabu ni pota trakti, vile vijisehemu vyenye tawi la mshipa wa pota, la ateri na kamrija ka nyongo, tunataka walau 11 nzima, na hizo utazipata kwenye kipande cha sentimita 2 mpaka 3 cha geji 16. Kipande kikiwa kifupi au chembamba kinatudanganya kuelekea chini, yaani mtu ana makovu mengi anasomeka ana machache, halafu matibabu yanafuata hiyo ripoti. Na hapo hata ukileta kizuri ni kama sehemu 1 kati ya 50,000 ya ini lote. Ila kama swali ni uvimbe, kansa ipo au haipo, hicho kidogo mara nyingi kinatosha, kwa hiyo jamani andikeni kwenye fomu mnatafuta nini!! Fomu zinakuja tupu kabisa.

mzee_wa_proub: Kabla ya kulaumu mkono angalia bunduki yenyewe. Kuna zenye vituo viwili vya urefu wa kufyatua, kifupi na kirefu, ikikaa kwenye kifupi hata uwe fundi vipi utatoa hicho hicho cha sentimita 1. Hamia geji 16 (namba ikishuka sindano inanenepa, wanafunzi wanachanganya sana hii). Halafu tumia sindano ya nje ya kuongozea, unatoboa kapsuli (utando wa nje wa ini) mara moja unachukua vipande viwili humo humo. Zaidi ya mara tatu mi sifyatui, hatari inapanda. Na usichukue juu juu chini ya kapsuli, pale nyuzi ni nyingi kiasili, utamfanya mtu aonekane ana sirosisi (ini lililojaa makovu) bure.

mtoboaji: Na ini lenye sirosisi kweli? Yale yanasagika, unapata makombo.

mzee_wa_proub: Hapo achana na sindano ya kunyonya, tumia ya kukata, ya kunyonya inavunja vunja ini gumu. Kama ana maji mengi tumboni au damu haigandi vizuri, mpeleke wapitie mshipa wa shingo, ila vipande vya njia hiyo ni vifupi na vyembamba, kwa hiyo wachukue vitatu au zaidi.

bi_fomalini: Nyie mnaongelea sindano tu, mi napokea vipande vimekaukia kwenye gozi (kitambaa cha bandeji), vingine vimebanwa na koleo mpaka seli zimepondeka. Kikitoka tu kiteleze kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi tishu) ya asilimia 10, iwe nyingi, walau mara kumi ya tishu. Ila kama mnataka kuotesha bakteria, kipande hicho kitengeni MAPEMA kwenye chupa safi isiyo na fomalini, maana kikishaingia humo hakioteshwi tena.

hadubini_tu: @bi_fomalini na ile sponji ya kwenye kaseti (kijisanduku cha kuwekea tishu) pia, inatuachia matundu ya pembetatu kwenye tishu, tumieni karatasi ya kuchujia.