Waliowahi kulala au kufanya kazi kwenye hoteli za majumba ya kale Mji Mkongwe: tupeane uzoefu

MtotoWaKiponda: Assalaam alaykum wakuu. Jana mvua imenikamata Hurumzi, nikajibanza kwenye baraza ya hoteli moja. Ubawa mmoja wa mlango ulikuwa wazi, mfaa, ule mti unaogawa mlango, umesimama katikati kama askari, samaki wa kuchongwa chini, mnyororo wa kuchongwa ubavuni. Ndani ikatoka harufu ya chokaa iliyorowa imechanganyika na udi. Nikarudi 2009, enzi napokea wageni kwenye jumba kama lile na kubeba masanduku yao kwenye ngazi ambayo kila daraja lina kimo chake. Mliolala, mliofanya kazi, mliojenga, tiririkeni.

Mzaramo_Halisi: Mkuu, zile ngazi ziliniharibia fungate. Chumba ghorofa ya tatu, nimefika juu nahema kuliko bibi harusi. Halafu chumba chenyewe kirefu na chembamba kama behewa! Semadari, kile kitanda cha kale, imeingia, sisi tunapita ubavu ubavu. Nikajua tumepunjwa.

FundiChokaa: Hamkupunjwa. Upana wa chumba unaamuliwa na boriti. Dari ile imebebwa na miti ya mikoko, na mkoko haukupi boriti ndefu ya kuaminika, ni mita 3 hivi basi. Tajiri akitaka ukumbi mkubwa anaurefusha, hawezi kuupanua. Juu ya boriti yanapangwa mawe ya matumbawe, kisha zege la chokaa. Bibi yangu alikuwa katika wanawake waliopiga sakafu, wamejipanga na vigongo vyao, siku nzima wanatwanga kwa nyimbo mpaka chokaa ishikane.

Mzaramo_Halisi: Kumbe. Ungeniambia kabla sijagombana na watu wa mapokezi.

PapasiMstaafu: Mie nimetembeza wageni miaka kumi na mbili. Kitu kinachouza ni ile misumari ya shaba ya mlangoni. Unawaambia iliwekwa ili ndovu wasivunje mlango, kamera zote juu.

Ukti_Malindi: Ndovu gani Unguja hii, yakhe? Nyinyi ndio mnaotuaibisha.

PapasiMstaafu: Mtindo umetoka India, huko ndovu wapo. Sijadanganya, nimefupisha.

Ukti_Malindi: Umefupisha bahari nzima hapo katikati! Huku ile misumari ilikuwa pambo na kuonyesha uwezo, kama watu wa sasa na mageti yao.

PapasiMstaafu: Dada yangu, ukweli haujawahi kunipa bakshishi.

KijanaWaVuga: Na lile jumba la kale la Mambo Msiige pale Shangani? Tumekua tukiambiwa watumwa wamezikwa hai ukutani na chokaa ilikorogwa kwa mayai. Leo ni hoteli ya kifahari.

FundiChokaa: Nimesikia kama ulivyosikia wewe. Mie ukuta nitakuelezea, waliomo ukutani waulize wazee.

Mlinzi_Zamu: Sikutaka kuandika ila hapo kwenye ukuta mmenigusa.

Nimelinda hoteli moja, jina naliacha. Lilikuwa jumba la familia moja, ghorofa tatu, msala (choo) mmoja chini. Mwenye hoteli alipolichukua, kila chumba kikawekewa choo na hodhi la kuogea, juu ya boriti zile zile za mababu. Chini ya boriti wakapigilia dari ya mbao nyembamba ili mabomba yasionekane.

Chumba namba 3 kikaanza kubisha. Saa nane za usiku: ko, ko, ko. Kimya. Ko. Kutoka darini. Mgeni wa kwanza akahama chumba, wa pili akahama hoteli na kudai pesa zake. Mpishi akasema huyo ni mtumwa anaomba kutolewa. Akaletwa mwalimu, Yasini ikasomwa, ubani ukafukizwa mpaka paka wakakimbia. Siku nne kimya, tukamshukuru Mungu. Siku ya tano: ko, ko.

Basi usiku mmoja wa masika, mvua haijapumua tangu magharibi, nimekaa kwenye ua wa ndani nikasikia dari inalia. Haibishi tena, inalia, kama dau linalobanwa gatini. Nikapanda na tochi. Kumulika namba 3, mbao zimetuna kama andazi, na katikati tone moja linaning'inia tu. Chumba cha juu yake walilala mume na mke. Nikagonga kama mwendawazimu, wakatoka na mashuka yao. Hatujamaliza ngazi za kwanza, hodhi likashuka na sakafu yake yote, likatua juu ya semadari ya namba 3. Namshukuru Mola chumba hicho kilikuwa kitupu.

Asubuhi nikaokota kichwa cha boriti, upande uliokuwa umezama ukutani. Nikakifinya kwa vidole, kikatoka maji kama sponji. Bomba lilikuwa likivuja miaka. Na ile ko, ko? Mafundi walisahau kopo la rangi darini. Tone lilikuwa likigonga kopo.

KijanaWaVuga: Duh! Sasa zile siku nne nani alinyamaza?

Mlinzi_Zamu: Maji yalikatika mtaani.

Ukti_Malindi: Mie siamini. Jini alikuwa anawaonya mapema.

Mzaramo_Halisi: Naungana na ukti.

KijanaWaVuga: Huyo mwalimu bado yupo? Nina shida na nyumba ya kupanga.

FundiChokaa: Jamani, mnauliza jini, hamuulizi bomba! Jumba lililojengwa kwa msala mmoja unalipa mabafu tisa, halafu ukuta unaupiga lipu ya saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa unanywa maji na kuyatoa. Saruji inayafungia ndani, kichwa cha boriti kinaoza hakionekani.

MwenyeNyumba_Mkunazini: Maneno ya vitabuni hayo. Nimepiga saruji 2015, ukuta umesimama.

FundiChokaa: Gonga ukutani. Ikilia tupu, lipu imeshaachana na jiwe.

MwenyeNyumba_Mkunazini: Unajua gharama ya chokaa wewe? Na kuiloweka, na kuisubiri, na kumpata fundi asiye na kiburi?

FundiChokaa: Hujajibu. Umegonga?

Msafiri_wa_Boti: Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu pale Forodhani, ilijengwa 1883, ikapigwa mizinga 1896 ikasimama. 25 Desemba 2020 upande mmoja umeshuka na watu wawili wakafa. Nilikuwa Forodhani siku ile. Sina la kuongeza.

Ukti_Malindi: Mungu awarehemu.

Mzaramo_Halisi: Sasa narudi mwezi ujao na mke wangu, nishaurini chumba.

PapasiMstaafu: Omba juu kabisa, upepo wa bahari na mabati ya mji mzima chini yako.

Ukti_Malindi: Omba chini, una umri sasa.

FundiChokaa: Omba chumba kisicho na bafu juu yake.

MtotoWaKiponda: Na usivae nyeusi ukaegemea ukuta, utaondoka nao mgongoni.

KijanaWaVuga: Mlinzi, kile namba 3 bado kinalaza watu?

Mlinzi_Zamu: Kinalaza. Sasa hakina namba, wanakiita Chumba cha Sultani. Bei imepanda.

MwenyeNyumba_Mkunazini: Nimegonga. Fundi, nitumie namba yako faragha.