Paneli mbili za wati 330 lakini betri haijai: tatizo ni paneli au chaji kontrola?

Kinyozi wa Makete
Ndugu wataalamu, habari za kazi. Nina saluni ya kunyoa huku Makete, mkoani Njombe, ninayoiendesha kwa paneli mbili za wati 330 zilizoungwa sambamba, betri moja ya jeli ya volti 12 yenye ampea-saa 200, na inveta. Chaji kontrola (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unapoingia kwenye betri) imeandikwa MPPT 60A, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia. Hata siku ya jua kali betri haijai, na ikifika saa mbili usiku inveta huanza kulia. Fundi aliyenifungia anasema paneli ni feki na anataka ninunue ya tatu. Je, ni kweli? Na kama kosa ni la kontrola, ninunue ya namna gani na niiseti vipi?

Fundi Mita
Usinunue paneli kwanza. Saa sita mchana, betri ikiwa bado haijajaa, pima volti pale nyaya za paneli zinapoingia kwenye kontrola. Paneli za aina yako hutoa nguvu nyingi zaidi zikiwa kwenye volti 37 hivi, na MPPT ya kweli huziacha karibu na hapo, huku ikigeuza volti za ziada kuwa ampea za kuchaji. Mita ikisoma 13 au 14, hiyo ni PWM iliyobandikwa jina lisilo lake, kwani PWM ni swichi tu inayoziunga paneli na betri moja kwa moja. Ampea 8.8 za kila paneli zinabaki zilezile, hivyo 17.6 mara volti 13.5 ni wati 240 hivi kati ya 660 ulizolipia. Paneli ya tatu nayo ingepoteza karibu theluthi mbili ya nguvu zake. Tafuta MPPT halisi ya 60A.

Kinyozi wa Makete
Nimepima leo mchana: volti 13.4. Nimeinyanyua hiyo kontrola mkononi, ni nyepesi kama rimoti.

Mama Sola
Pole, kaka. Kipimo na huo wepesi vimeshajibu kwamba hiyo ni PWM, ila kuhusu 60A sikubaliani na Fundi Mita. Betri nyingi za jeli za ukubwa huo hazitakiwi kuchajiwa kwa zaidi ya ampea 40 hivi (hakikisha kwenye maelezo ya mtengenezaji), na MPPT nzuri hujizuia yenyewe isivuke ampea zake, kwa hiyo ya 40A inakutosha. Utakachokosa ni kilele kidogo cha adhuhuri.

Jambo la kuangalia zaidi ni volti za juu kabisa ambazo kontrola inaruhusu kutoka kwenye paneli. Paneli yako moja, ikiwa haijaungwa na chochote, hufikia volti 46 hivi kwenye nyuzi joto 25 za Selsiasi, na kila nyuzi moja inayoshuka huongeza takriban asilimia 0.3. Asubuhi ya Julai huko kwenu, kwenye nyuzi 5, paneli mbili zilizoungwa kwa mfuatano, ambapo volti hujumlishwa, zingefika volti 97 na ushei, na kontrola ya volti 100 ingekuwa imebakiwa na nafasi finyu mno. Ziache sambamba, volti hazitavuka 50.

Katika kuseti, chagua jeli: volti 14.1 hadi 14.2 za kujaza na 13.6 hivi za kushikilia. Usichague aina ya betri ya maji, maana mipangilio hiyo mingi huja na kusawazisha (kuchaji kwa makusudi kwa volti za juu) kunakofika 14.6 au zaidi, na jeli ikikauka haiongezwi maji. Unapofunga, unga betri kwanza, ndipo paneli. Unapofungua, anza na paneli.

Kinyozi wa Makete
Asante sana, dada. Nimeona pia kontrola huwa na kiwango cha kukata umeme betri inaposhuka. Nikiweke ngapi?

Mama Sola
Kontrola nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa volti 11.1, na hapo betri imekwisha kuishiwa chaji kupita kiasi, weka 11.8. Lakini kiwango hicho hulinda tu kilichoungwa kwenye mdomo wa mzigo wa kontrola (ulioandikwa LOAD). Inveta yako, kama ilivyo kawaida, bila shaka imeungwa moja kwa moja kwenye betri, na nyingi hukata kwenye 10.5 tu. Kwa hiyo tafuta mpangilio huo ndani ya inveta yenyewe, na kama haina, ianzapo kulia ni bora uizime mwenyewe.