"Borrow" au "lend"? Vitenzi vya kawaida vya Kiingereza vinanikwamisha

Binti wa Kongwa
Habari za jioni, wakubwa kwa wadogo. Ninafanya kazi mapokezi katika nyumba ya wageni hapa Dodoma mjini, na tangu serikali ihamie huku tunapokea wageni wengi wasiojua Kiswahili. Sarufi niliyofundishwa sekondari ninaikumbuka, lakini vitenzi vya kila siku ndivyo vinavyonikwamisha. Juzi nilitaka mgeni aniazime kalamu, nikamwambia "borrow me your pen". Akasita kidogo kabla ya kunipa, nikajua nimekosea ila sikujua wapi. "Do" na "make" nazo zinanichanganya, kwa kuwa kwangu zote ni kufanya. Je, kuna njia ya kuvielewa, au ni kukariri tu?

Mwalimu wa Kondoa
Binti, kosa hilo ninalisahihisha kila mwaka katika madaftari ya kidato cha kwanza, na chanzo chake ni lugha yetu wenyewe. Kwa matumizi ya wengi wetu, kuazima ni kwa anayetoa na pia kwa anayepokea, na viambishi pamoja na maneno ya jirani ndivyo vinavyotuonyesha nani ni nani: "niazime" ni nipe, "nimeazima kwake" ni nimechukua. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa maneno mawili, "lend" la mwenye kitu na "borrow" la mwenye haja, kwa hiyo ungesema "lend me your pen" au "may I borrow your pen".

Tazama pia kukopa na kukopesha, kujifunza na kufundisha, kukumbuka na kukumbusha. Sisi tunanyambua shina lilelile, ilhali Mwingereza anabadili neno zima: "learn" na "teach", "remember" na "remind". Kila ukutanapo na kitenzi chetu chenye -sha mwishoni, jiulize kwanza kama Kiingereza hakina neno la pekee kwa maana hiyo.

Kuhusu "make", mara nyingi kuna kitu kinachotokea ambacho awali hakikuwapo: "make tea", "make a mistake", "make a decision". "Do" hutaja shughuli yenyewe, kama "do the work". Kanuni hii haifiki mbali, hivyo andika kitenzi pamoja na nomino yake daftarini.

Mkazi wa Makole
Ninaongeza jambo litakalokufaa hapo mapokezi. Kiambishi chetu -me- hutaja tendo lililokamilika, lakini hutaja pia hali iliyopo sasa. "Mgeni amefika" ni "has arrived", sawa kabisa. Ila "mgeni amelala" ukiwa na maana kwamba yumo usingizini ni "is asleep", "amechoka" ni "is tired", na "amevaa koti" ni "is wearing a coat". Mimi nilisema "has slept" kwa miaka mingi, na hakuna aliyenisahihisha.

Binti wa Kongwa
Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Sikuwahi kuitazama -sha kwa jicho hilo. Limebaki moja: "say" na "tell" ninazitofautishaje?

Mwalimu wa Kondoa
Marahaba. Hapo Kiswahili kinakusaidia. "Say" ni kusema na "tell" ni kuambia. Huwezi kutamka "aliambia kwamba" bila kumtaja aliyeambiwa. Ni lazima "aliniambia", nayo "tell" vivyo hivyo hudai mtu wake: "he told me that", lakini "he said that".